Mbaruk Yupi?

Leo nimekusudia kutubu hadharani. Kosa lenyewe ni dogo kwa macho ya walimwengu, lakini lilitendwa mbele ya wanafunzi, na mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi hana budi kujisahihisha mbele yao vilevile.

Nilialikwa kuwa mwamuzi katika mashindano ya chemsha bongo baina ya shule za upili za huku kusini mwa Kwale. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, meza imetandikwa kitambaa, na juu yake kasha la kadi za maswali zilizokwisha kuandikwa na majibu yake nyuma. Vijana walinifurahisha mno. Walijua kwamba Fadhili William ndiye aliyeuvumisha wimbo wa Malaika. Walijua kwamba huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1007 na nusu, alivyosema mmoja kwa pupa, kabla hajajirekebisha na kusema 2007. Walijua pia kwamba vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, na kwamba havikufika hata saa moja. Kila mtihani wa aina hii hauwezi kukosa vita hivyo.

Likaja swali lililouliza ni nani kiongozi wa ukoo wa Mazrui aliyepigana na Waingereza katika pwani ya Kenya mwaka 1895. Zamu ilikuwa ya kijana mmoja mwembamba, mzaliwa wa kisiwa cha Funzi. Akasimama, akafikiri, kisha akataja jina la Mbaruk bin Rashid, lakini kabla ya kuketi akaniuliza kwa adabu nilikuwa namkusudia Mbaruk yupi. Watu wakacheka. Nikageuza kadi, nikaona jina moja tu, tena pamoja na maelezo kwamba alikuwa Mwarabu aliyeasi kwa sababu Waingereza walikomesha biashara ya watumwa. Nikamwambia kwamba anayejibu swali kwa swali hajajibu. Shule yake ikakosa alama mbili, na ikashindwa kwa alama moja.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikumbuka kwamba kijana alikuwa na haki. Mwaka 1895 palikuwa na Mbaruk bin Rashid wawili, wote Wamazrui, wote maadui wa Waingereza, mmoja wa Takaungu na mwingine wa Gazi. Mimi mwenye shahada ya uzamivu nilikuwa nimemhukumu mtoto kwa kujua zaidi ya kadi.

Basi nimwelezee huyu wa Gazi, maana ndiye mkubwa wao, na ndiye ambaye kadi ilimkusudia bila kumjua.

Wamazrui ni ukoo wa asili ya Omani uliopata uliwali wa Mombasa katika karne ya 18, baada ya Wareno kuondolewa katika Ngome ya Yesu. Haukupita muda wakaacha kuwa wawakilishi wa mtu na kuwa watawala wenyewe. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa mtu wa enzi yao, na sehemu kubwa ya tungo zake za siasa ziliwatetea dhidi ya madai ya Sayyid Said bin Sultan. Jambo ambalo wanafunzi wengi huduwaa wanapoambiwa ni kwamba Wamazrui ndio waliotangulia kuwaita Waingereza. Mwaka 1824, walipokuwa wamebanwa na Sayyid Said, walimwomba nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza awapandishie bendera yake, naye akakubali. Luteni John James Reitz aliachwa Mombasa kusimamia mambo, akafa kwa homa katika mwaka uo huo, na jina lake ndilo hilo tulitajalo hadi leo tunaposema Port Reitz. Serikali ya London haikuuafiki mpango wa Owen. Kufikia mwaka 1826 bendera ilikwisha kuteremshwa, na Wamazrui wakaachwa wakabiliane na Sayyid Said peke yao.

Mwaka 1837 Mombasa ikaanguka, si kwa mizinga tu bali kwa fitina baina ya ndugu. Liwali wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim. Yeye na wakubwa wengine wa ukoo walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, na huko wakafia kifungoni. Waliosalimika waligawanyika mafungu mawili. Fungu moja likaenda kaskazini, likatua Takaungu. Fungu la pili likaja kusini, likatua Gazi, mwendo mfupi tu kwa dau kutoka Funzi. Katika hili la kusini alikuwamo mwana mdogo wa yule Rashid aliyetoswa uhamishoni. Huyo ndiye Mbaruk wetu.

Yeyote atakaye kuyaelewa maisha ya mtu huyu na aanzie hapo, kwa mtoto aliyekua akijua kwamba babake alikuwa mwenye Mombasa na kwamba Mombasa ilichukuliwa kwa udanganyifu. Kwa takriban miaka 40 Mbaruk aliwasumbua masultani wa Zanzibar, mmoja baada ya mwingine. Aliasi wakati wa Majid, aliasi wakati wa Barghash. Akishindwa, alisalimu amri, akapewa msamaha na pengine posho, akarudi Gazi kutengeneza mashua zake na kungoja. Mwaka 1882 Barghash alimtuma Lloyd Mathews, ofisa Mwingereza aliyekuwa jemadari wa majeshi ya Zanzibar, aende kumtoa katika boma lake la Mwele, lililokuwa juu ya kilima msituni, bara ya milima ya Shimba. Boma lilitwaliwa. Mwenyewe akaponyoka.

Nikiwa mtu wa lugha, naomba radhi kwa kuchepuka kidogo. Mara nyingi huulizwa na wanafunzi maana ya jina Mwele. Kuna wanaolihusisha na mawele, ile nafaka, na wapo wanaokumbuka kwamba katika Kiswahili cha kale cha pwani mwele ni mgonjwa. Majina ya mahali yana hila nyingi, na sauti zikifanana si lazima maana ziwe ndugu. Nawasihi walimu wasilifundishe hilo kama kwamba limethibitishwa. Ama jina la Mbaruk, hilo ni wazi: ni neno la Kiarabu lenye maana ya mbarikiwa, nalo wazee wa Funzi hulitamka Mbaruku, kwa kuwa ulimi wa Kibantu haupendi kuliacha neno likikatika kwa konsonanti.

Turudi kwenye habari yetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, hadi bara. Mwaka 1887 Barghash aliikodisha pwani ya kaskazini ya mstari huo kwa jumuiya ya wafanyabiashara wa Kiingereza iliyoongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli, na mwaka 1888 jumuiya hiyo ikapata hati ya kifalme, ikaitwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Hivyo Mbaruk akajikuta jirani wa kampuni badala ya sultani. Ajabu ni kwamba walisikilizana. Kampuni haikuwa na askari wa kutosha wala fedha za kutosha. Ikaona ni nafuu kumlipa mzee wa Gazi kuliko kumpiga, naye akaona ni nafuu kupokea. Kwa miaka kadhaa kusini kulikuwa shwari.

Hapa ndipo maelezo ya ile kadi yanapoanza kupwaya. Ni kweli Mbaruk alikuwa na watumwa na alinufaika kwa biashara yao, na sitaki mwanafunzi yeyote asome makala hii akadhani namtakasa. Nchi za nyuma ya Gazi na Vanga zilijua machungu ya biashara ile. Lakini mambo hayakuwa mepesi. Wapiganaji wake walikuwamo pia watoro, watu waliokimbia mabwana wengine wakapata hifadhi na bunduki kwake. Wadigo wengi walisimama naye. Kampuni yenyewe ilikuwa inapita kati ya moto na maji: katika Januari 1889 iliwakomboa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha Rabai na kwingineko, si kwa kuufuta utumwa bali kwa kuwalipa mabwana wao fidia. Na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka kumi na zaidi baada ya vita vya Mbaruk. Mtu hawezi kuasi mwaka 1895 kwa sababu ya sheria ya mwaka 1907.

Vita vilianza kwa urithi, tena si urithi wake. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Waliogombea kiti walikuwa wawili. Mmoja ni Rashid, mwana wa marehemu, aliyekuwa kipenzi cha Kampuni. Wa pili ni Mbaruk bin Rashid, huyu wa Takaungu, mpwa katika ukoo, aliyekuwa na haki zaidi kwa mujibu wa mila ya ukoo ya kumtanguliza mwenye umri na nasaba ya kufaa, lakini Kampuni ilimwona mkaidi. Kampuni ikamchagua Rashid. Mbaruk wa Takaungu pamoja na ndugu yake Aziz wakakataa, risasi zikalia, na baada ya kushindwa, Mbaruk huyu mdogo akakimbilia kusini, akaingia Gazi, akamwomba jamaa yake mkubwa amhifadhi.

Fikiria hali ya mzee yule. Umri umekwenda. Ana posho yake, ana mji wake, ana amani ambayo hakuwahi kuipata ujanani. Mlangoni amesimama kijana wa ukoo wake mwenye jina lake lenyewe, na nyuma yake yuko Sir Arthur Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza, akitaka atolewe. Kumtoa kungemgharimu heshima tu. Kutomtoa kungemgharimu vyote vilivyobaki. Alisitasita, alituma maneno ya upole, alijaribu kununua muda. Mwishowe hakumtoa.

Na wakati huohuo mwenye mali alikuwa akibadilika. Kampuni ilikuwa imefilisika kwa vitendo. Tarehe 15 Juni 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai serikali ikashika hatamu Mombasa. Kwa walimu wa somo la biashara, hapa pana hesabu ya kuwapa wanafunzi. Kampuni ililipwa pauni 250,000 ili iondoke. Katika hizo, pauni 50,000 tu zilitoka katika hazina ya Uingereza. Pauni 200,000 zilikuwa fedha za Sultani wa Zanzibar mwenyewe, zile ambazo Wajerumani walimlipa mwaka 1890 kwa kuichukua pwani yake ya kusini. Kwa maneno mengine, pesa za nusu ya pwani iliyouzwa ndizo zilizotumika kuikomboa nusu nyingine kutoka kwa mpangaji, na baada ya kukombolewa haikurudi mikononi mwa mwenyewe. Katika miaka yangu yote ya kuhudhuria chemsha bongo sijapata kulisikia swali hilo.

Mwishoni mwa Julai 1895 Waingereza walifika Gazi wakaukuta mji mtupu. Mzee alikuwa amepanda Mwele, kama alivyofanya mwaka 1882. Akatumwa Admirali Harry Rawson na mabaharia mia kadhaa, pamoja na askari wa Zanzibar na wapagazi. Walipita msituni kwa siku kadhaa, na tarehe 17 Agosti wakalishambulia boma na kulitwaa. Mbaruk akaponyoka tena. Waingereza walioshiriki walitunukiwa nishani ambayo ukingoni mwake pamechongwa jina la Mwele na mwaka wa vita. Wakusanyaji wa nishani huko Ulaya wanalijua jina la kilima hicho, ilhali wapo vijana wa Msambweni wasiojua kiko upande gani.

Nimemtaja Rawson, na hapa naomba walimu wa historia wanisikilize. Vile vita vifupi vya Zanzibar ambavyo kila mtoto anavijua, aliyeamuru mizinga ilie ni Rawson huyuhuyu, mwaka mmoja baada ya Mwele. Na mwezi Februari 1897 ni yeye aliyeongoza jeshi lililouteka mji wa Benin, katika Nijeria ya leo, ambako sanamu za shaba zilitekwa na kutawanywa katika makumbusho ya Ulaya. Mwele, Zanzibar, Benin: miezi 18, mtu mmoja. Kadi zetu huuliza kuhusu vita vya dakika 38 na kunyamaza juu ya kilima chetu.

Baada ya Mwele vita havikwisha. Vilisambaa. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa alijiunga na maasi, Aziz alikuwa kaskazini, na mapigano yakafika hadi Malindi. Hakukuwa na mapambano makubwa ya uwanjani. Palikuwa na kuvizia, kuchoma, kutoweka. Waingereza walitambua kwamba mabaharia na askari wa kukodi hawatoshi, na mwezi Machi 1896 wakaleta kikosi kizima kutoka Bombay. Tangu hapo njia zikawa finyu. Mashamba yalikuwa yameteketezwa pande zote mbili, chakula hakuna, na waliokuwa wakimfuata mzee hawakuwa wapiganaji tu bali wanawake na watoto pia.

Mwezi Aprili 1896 Mbaruk aliuvuka ule mstari wa mwaka 1886, na huko Moa, kaskazini ya Tanga, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akiwa na watu zaidi ya elfu moja. Wissmann huyo ndiye aliyeyazima maasi ya Abushiri bin Salim na kumnyonga Pangani mwezi Desemba 1889. Aliyemnyonga mwasi mmoja wa pwani akampa mwingine hifadhi, kwa kuwa huyu alikuwa amewaasi wengine. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwezi uliofuata.

Mbaruk alipelekwa Dar es Salaam. Miezi michache baadaye akafika huko mkimbizi mwingine, Khalid bin Barghash, yule aliyeshika kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili na kuondolewa kwa mizinga ya Rawson. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi, mji mmoja ulikuwa umewahifadhi watu wawili waliofukuzwa na admirali mmoja, na mmoja wao alikuwa mwana wa Barghash, adui wa zamani wa mwingine. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916 na kupelekwa uhamishoni, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mbaruk hakuiona tena Gazi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, mtu mzima sana, mbali na bahari aliyoijua.

Nyumba yake ya Gazi ilibaki, na baadaye ikawa shule. Vitabu vya kuwaongoza watalii haviachi kusimulia kwamba ndani yake mlikuwa na chumba alimowatesa watu kwa moshi wa pilipili. Sisemi kwamba ni uongo. Watawala wa zama hizo, weusi kwa weupe, hawakuwa wapole kwa mahabusu wao. Lakini huwashangaa waandishi ambao katika maisha marefu hivyo wameona moshi tu. Jina la Mazrui limeendelea kung'ara kwa njia nyingine. Sheikh al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo huo, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alijulikana dunia nzima kwa mfululizo wake wa televisheni juu ya Waafrika wa mwaka 1986.

Wiki iliyofuata mashindano nilishuka Bodo nikapanda mashua kwenda Funzi. Nilikuwa na kisingizio cha kitaaluma, kwani nakusanya maneno ya Kifundi, au Chifundi kama waitavyo wenyewe, lakini nilichokitafuta hasa ni ile nyumba. Maji yalikuwa yamekupwa, tukasukuma mashua kati ya mikoko, nikafika nimelowa hadi magotini. Nilimwamkia babu yake kijana shikamoo, nikaketi ukumbini, nikaungama. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alinieleza kwamba kwao mtoto akilitaja jina la Mbaruku bila kutaja mji huambiwa amekisema nusu. Wa Gazi ni wa Gazi, wa Takaungu ni wa Takaungu, na mgeni akiuliza habari ya mmoja ni wajibu kwanza kumuuliza ni yupi. Mjukuu alikuwa ametimiza wajibu. Kisha mzee akataka kujua kadi ile iliandikwa na nani. Nikamwambia sijui, na aibu ikanizidi, kwa sababu niliisoma kwa sauti ya mtu anayejua.

Kijana alirudi kutoka ufuoni akiwa na kikapu cha samaki, akanisalimu kama kwamba hapakuwa na lililotokea. Nimekwisha kuwaandikia waandalizi kuomba alama mbili zile zirejeshwe. Nimejibiwa kwamba kombe lilikwisha kukabidhiwa na jina la shule iliyoshinda kuchongwa, lakini kwamba naruhusiwa kuibadilisha kadi kwa ajili ya mwaka ujao. Nimeibadilisha. Sasa inauliza ni Mbaruk yupi aliyegombea uliwali wa Takaungu, na ni Mbaruk yupi aliyemfungulia mlango.